Kilima cha +171 km/s kwenye mstari wa sentimita 21: ni wingu la kasi au mpokezi anatudanganya?

#1 Mwinda_Hidrojeni

Wakuu, salaam. Naomba macho yenu hapa.

Dishi ni la mita 3, mwale wake kama nyuzi 5. Kwenye kitovu kuna kikopo cha kupokea mawimbi, amplifaya ya kelele ndogo imefungwa mgongoni mwake, linafuata chujio la 1420 MHz, kebo ya mita 30, halafu mpokezi wa kidijitali wa aina ya I na Q (hupitisha ishara kwa njia mbili) unaochukua upana wa MHz 2.4. Masafa ya katikati nimeyaweka 1420.000 MHz ili ile sindano ya katikati, ambayo mpokezi mwenyewe huichora, isikalie mstari wenyewe. Chaneli ni za kHz 10, muda wa kukusanya saa 1. Kelele ya mfumo mzima nakadiria K 120 (nguvu ya mawimbi tunaipima kwa kelvini).

Nimeelekeza l = 90, b = +42 (longitudo na latitudo za galaksi). Mstari mkuu wa hidrojeni uko karibu na sifuri, kilele K 10 hivi. Lakini kwenye +171 km/s kuna kilima cha K 0.1, na kila nikirudia kipo palepale. Kwa longitudo hiyo gesi ya diski ya Njia Nyeupe haiwezi kufika +171. Je, ni wingu la kasi, yaani gesi ambayo kasi yake haifuati mzunguko wa diski?

Bendi nimeikata asilimia 10 kila upande kwa sababu ya mabega ya chujio. Kasi zote hapo juu hazijasahihishwa, ni kama zinavyotoka kwenye dishi; chanya ni kwenda mbali nasi, hasi ni kuja kwetu.

#2 Bi_Masafa

Kwanza hesabu ya kelele, maana wengi hurukia mawinguni kabla ya kuhesabu. Kelele ya mfumo gawanya kwa kipeuo cha pili cha upana wa chaneli mara muda: Hz 10,000 × sekunde 3,600 ni milioni 36, kipeuo chake 6,000. K 120 kwa 6,000 ni K 0.02. Ukitoa marejeo (kipimo cha kulinganishia kisicho na mstari) ya muda uleule inapanda hadi K 0.028.

Kwa hiyo K 0.1 si kelele ya bahati mbaya. Kuna kitu, ila hesabu haisemi kitu hicho kiko angani au mezani kwako.

#3 Kebo_Ndefu

Mimi naishuku kebo. Mita 30 zikiwa na ulinganifu mbovu miisho yote miwili, mawimbi yanarudi na kuacha viwimbi kwenye mstari wa msingi, yaani sehemu ya spektra inayopaswa kuwa tambarare. Hivyo ndivyo vilima vya uongo vinavyozaliwa.

#4 Bi_Masafa

Kebo_Ndefu, umelitetea jina lako, lakini hesabu inakukataa. Mawimbi kwenye kebo yenye plastiki nzima ndani hwenda asilimia 66 ya kasi ya nuru. Kipindi cha kiwimbi ni kasi hiyo gawanya kwa mara mbili ya urefu: kwa mita 30 unapata MHz 3.3. Kilomita 1 kwa sekunde ni kHz 4.74, kwa hiyo kiwimbi kimoja kina upana wa karibu 700 km/s. Kinaweza kuinamisha mstari wa msingi wote, hakiwezi kuchora kilima chembamba.

Hata darubini kubwa zina ugonjwa huu. Parkes, dishi la mita 64, ina kiwimbi maarufu cha MHz 5.7 kinachotoka kati ya kitovu na uso wa dishi, na umbali huo ni mita 26 hivi. Piga hesabu ileile, safari hii kwa kasi kamili ya nuru, utaipata.

#5 Kioo_cha_Q

Mwinda, jibu umeliandika mwenyewe: katikati ni 1420.000.

Mpokezi wa I na Q wenye njia mbili zisizolingana sawasawa huchora kivuli cha kila kitu upande wa pili wa masafa ya katikati, kama kwenye kioo. Hidrojeni iliyotulia iko 1420.4058, yaani MHz 0.4058 juu ya katikati yako. Kivuli chake kitakaa MHz 0.4058 chini: 1419.5942. Geuza iwe kasi: tofauti na mstari ni MHz 0.8116, gawanya kwa 0.004738, unapata +171 km/s. Si karibu na +171, ni +171 kamili.

Na kimo kinasadifu: K 0.1 juu ya K 10 ni sehemu 1 kwa 100, yaani desibeli 20 chini. Mpokezi ambaye njia zake hazijasawazishwa hutoa kivuli cha kiwango hicho bila shida.

Jaribio ni la dakika chache. Sogeza katikati hadi 1420.200. Kitu cha angani kitabaki kwenye masafa yake. Kivuli kitasogea mara mbili ya ulivyosogeza, kHz 400, na kitatua +87 km/s. Angalia umbo pia: mkia wa mstari mkuu ukielekea kushoto, wa kivuli utaelekea kulia.

#6 Pembe_Nne

Nimekupata Kioo. Ila tusisahau miale ya pembeni. Dishi la mita 3 lenye kikopo linapokea anga pana kuliko ule mwale wa nyuzi 5. Diski ya galaksi ikiingia kwa pembeni, karibu na l = 30 gesi yake hufika zaidi ya +100 km/s, nawe utaiona kana kwamba iko mbele yako.

#7 Sahani_ya_Zamani

Pembe_Nne, hoja yako nzuri ila haifiki +171. Kasi ya mwisho ya diski kwenye l = 30 ni kama +120, na gesi hiyo ni mkia mwembamba, si kilele.

Na miale ya pembeni ina namna yake ya kujitaja: majira. Uelekeo wa Mwinda, l = 90 b = +42, uko karibu na ncha ya njia ya Jua, kama nyuzi 77 juu yake. Mwendo wa Dunia wa 30 km/s unaugusa kidogo tu, jumla ya mabadiliko kwa mwaka ni kama 14 km/s. Lakini l = 30 kwenye diski iko nyuzi 20 tu kutoka njia ya Jua, na huko mabadiliko hufika karibu 56. Ukisahihisha kasi kwa uelekeo wako halisi, wingu la kweli halihami mwaka mzima. Gesi iliyoingia kwa pembeni itatembea. Kilima kinachobadili kasi kati ya Machi na Septemba ni cha kutupa.

Kwa sababu hiyohiyo Green Bank walijenga dishi la mita 100 lisilo na kitu chochote mbele ya uso wake. Nguzo za kushikilia kitovu ndizo huchafua miale ya pembeni.

#8 Mpita_Njia_77

Naomba kuuliza, haya mawingu Oort aliyaona mwaka 1951, sivyo? Kwa nini mpaka leo yanabishaniwa?

#9 Sahani_ya_Zamani

Umechanganya mambo mawili. 1951 ni mwaka wa mstari wenyewe: Ewen na Purcell waliunasa Harvard mwezi Machi, Muller na Oort wakauthibitisha Uholanzi, Christiansen na Hindman Australia. Utabiri ulikuwa wa van de Hulst, 1944. Mawingu ya kasi ni 1963: Muller, Oort na Raimond, dishi la mita 25 la Dwingeloo.

Kwa kawaida wingu huitwa la kasi likizidi 90 km/s kwa LSR, yaani ukilinganisha na utulivu wa ujirani wa Jua. Mimi naona kipimo hicho ni butu. Kwenye l = 30 diski yenyewe inavuka 90. Cha Wakker, 1991, kina akili zaidi: kokotoa kasi ya juu kabisa ambayo mzunguko wa diski unaruhusu kwa uelekeo huo, kisha wingu liwe limeizidi kwa 50 km/s au zaidi.

#10 Mwinda_Hidrojeni

Nimesogeza hadi 1420.200. Kilima kimehamia +87, umbo limegeuka. Kioo, asante, ni kivuli.

Basi uzi umeisha?

#11 Kioo_cha_Q

Haujaisha hata kidogo. Tazama ulichokata.

Katikati 1420.000, upana 2.4, umekata asilimia 10 kila upande. Umebaki na 1419.04 hadi 1420.96. Kwa kasi hiyo ni +288 hadi −117. Kwenye l = 90, b = +42 kuna wingu kubwa ambalo katalogi huliita Complex C, na huko gesi yake hukaa kati ya −110 na −150 kwa LSR. Umeacha nafasi pana upande ambao hauna kitu, ukaikata ile yenye wingu.

#12 Kebo_Ndefu

Basi aweke katikati 1420.700. Ukikata hivyohivyo utapata +140 hadi −265, pande zote zimo.

#13 Kioo_cha_Q

Usiweke 1420.700! Kivuli cha mstari mkuu kitatua 1420.994, yaani −124 km/s, juu ya wingu lenyewe. Utapima kivuli chako na kukitangaza kuwa ni wingu.

Weka 1421.250. Utabaki na +24 hadi −381. Mstari mkuu uko ndani kwa shida lakini umo, sindano ya katikati itakuwa −178, na kivuli kitakwenda mbali, −356. Ukimaliza, rudia kwa 1421.350. Kinachobaki mahali pake ni cha angani.

#14 Bi_Masafa

Marejeo umeyachukua vipi, Mwinda? Wengi hung'oa antena na kufunga mzigo wa ohm 50. Ukifanya hivyo ulinganifu wa kebo unabadilika, viwimbi vya marejeo si vile vya anga, na ukigawa moja kwa nyingine unaongeza taabu.

Na kipande cha anga kisicho na hidrojeni hakipo. Lile tundu la Lockman kwenye Dubu Mkubwa, karibu na l = 150, b = +53, ndilo jembamba kuliko kote, na hata hapo kuna atomi kama 4.5 × 10^19 kwa kila sentimita ya mraba. Tena liko jirani na Complex A na M, mawingu mengine ya kasi. Kwa mwale wa nyuzi 5 unaweza kuyakwangua, kisha ukitoa marejeo yanakugeukia kuwa mashimo ya uongo kwenye spektra yako.

Lililo rahisi: acha dishi palepale, sogeza masafa ya katikati hadi 1424.250 kwa dakika 5, rudi 1421.250 dakika 5, zunguka hivyo saa nzima. Bendi ya marejeo itaanzia 1423.05, ambayo ni kasi ya −558 na zaidi, na huko hakuna gesi ya kukusumbua. Gawa, kisha ondoa mteremko uliobaki kwa mkunjo wa daraja la 2 au 3. Usipande hadi daraja la 7, utalila wingu lenyewe, maana mkunjo wa namna hiyo hufuata kila kilima. Ziba kwanza chaneli za mstari na za wingu kabla ya kuulinganisha.

Kumbuka nusu ya muda inakwenda kwenye marejeo. Kwa kelele ileile ya K 0.028 utahitaji saa 2.

#15 Mwinda_Hidrojeni

Marejeo yalikuwa ya mzigo wa ohm 50. Nimebadilisha kama alivyosema Bi_Masafa, saa 2.

Kilima kipo. Kasi ya dishini −139, kimo K 0.4, upana kwenye nusu ya kimo 24 km/s. Kwa 1421.350 hakikusogea hata chaneli moja.

#16 Sahani_ya_Zamani

Hongera, hilo sasa ni la kuzungumzia.

Sahihisha kasi kabla hujaiandika popote. Jua linakwenda 20 km/s kuelekea saa 18 digrii +30, na kwa uelekeo wako hilo linaongeza kama 17. Dunia inaongeza au kupunguza hadi 7. Kwa hiyo masahihisho yako ni kati ya +10 na +24 kutegemea tarehe. Ukichukua +17, wingu lako liko −122 kwa LSR.

Idadi ya atomi: zidisha 1.823 × 10^18 kwa eneo la kilima. K 0.4 × 24 × 1.064 ni kama 10.2, jibu 1.9 × 10^19 kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni wastani wa mwale mzima. Ndani ya nyuzi 5 kuna vipande vinene na nafasi tupu, na dishi lako linavichanganya.

Linganisha na ramani ya HI4PI ya 2016, Effelsberg mita 100 kaskazini na Parkes kusini, yenye uwezo wa kutenganisha dakika 16 za tao. Lakini usichukue spektra ya nukta moja. Chukua zote ndani ya nyuzi 5, uzipime uzito kwa umbo la mwale wako. Hapo K zako zikitofautiana kwa kipimo kimoja kilekile kwenye mstari mkuu na kwenye wingu, kosa ni la ukadiriaji wa K 120, si la wingu.

#17 Mpita_Njia_77

Upana wa 24 km/s unasema nini?

#18 Bi_Masafa

Joto, lakini kama kikomo cha juu tu. Mraba wa upana zidisha kwa 21.9: K 12,600. Gesi haiwezi kuwa na joto zaidi ya hapo, inaweza kuwa na pungufu kama kuna msukosuko ndani yake au vipande vyenye kasi tofauti. Kwa mwale mpana kama huo, vipande vipo. Darubini kubwa huona pia viini vyembamba vya 5 km/s, ambavyo ni chini ya K 550. Baridi na vuguvugu kwa pamoja, ishara kwamba kuna kitu cha nje kinachoyabana mawingu haya.

#19 Chemchemi

Tufike kwenye asili sasa. Kwangu ni maji ya chemchemi: supanova zinapasha gesi ya diski, inapanda juu, inapoa, inaanguka. Shapiro na Field waliliandika 1976. Wingu la Mwinda linaanguka kwa 122, mnataka nini tena?

#20 Pembe_Nne

Halianguki kwa 122. Hiyo ni kasi ukiwa umepanda Jua linalozunguka galaksi kwa kama 220 km/s. Ongeza 220 × sin l × cos b: kwa l = 90 na b = 42 ni +163. Ukilitazama kutoka katikati ya galaksi, mwendo kwenye mstari wetu wa kuona unakuwa +41. Alama imegeuka kabisa! Na hapo tuna kipande kimoja tu cha mwendo, viwili vya kando hatuvipimi kwa redio.

Ndiyo maana nusu moja ya anga mawingu yana hasi nyingi na nusu nyingine chanya nyingi. Sehemu kubwa ya mpangilio huo ni mwendo wetu.

#21 Chemchemi

Nakubali alama, sikubali hitimisho. Chemchemi haihitaji kila kipande kionekane kikija kwetu.

#22 Salfa_Nusu

Chemchemi, kizuizi chako ni kemia. Gesi iliyotoka kwenye diski inapaswa kuwa na elementi nzito kama diski. Complex C ina kama sehemu 1 hadi 3 kwa 10 ya zile za Jua. Hiyo ni gesi changa, imekuja kutoka nje.

Lakini wingu la Smith linakupa nguvu. Kwa darubini ya angani ya Hubble, mwaka 2016, salfa yake ilipimwa kuwa karibu nusu ya ile ya Jua. Wingu hilo lina kilomita +100 kwa LSR, karibu na l = 39, b = −13, umbali wa miaka ya nuru 40,000, na hidrojeni yake inazidi masi ya Jua milioni 1. Litaigonga diski baada ya miaka milioni 27 hivi. Huyo Smith si mwanamume kama wengi wanavyoandika: ni Gail Smith, aliyeligundua 1963 akiwa mwanafunzi wa Leiden.

#23 Pembe_Nne

Nusu inaweza pia kuwa mchanganyiko. Gesi changa inayopita kwenye korona ya moto juu ya diski hukokota gesi ya zamani njiani. Salfa ya leo haisemi salfa ya mwanzo.

#24 Chemchemi

Basi kipimo chenu cha Complex C nacho ni mchanganyiko, na hamjui kilianza na ngapi.

#25 Sahani_ya_Zamani

Yote haya yananing'inia kwenye umbali, na mstari wa sentimita 21 hautoi umbali. Kwa gesi ya diski unaukisia kutokana na mzunguko, kwa mawingu haya mzunguko hausaidii. Masi inakwenda na mraba wa umbali: kosea mara 10, masi imekosewa mara 100.

Njia safi ni nyota. Tafuta nyota za mbali nyuma ya wingu, angalia kama mistari ya kalisi ya nanomita 393.4 na 396.8 inaonyesha ufyonzaji kwa kasi ya wingu. Ikionekana, wingu liko mbele ya nyota. Isipoonekana, liko nyuma, lakini hapo uwe na uhakika kwamba gesi hiyo ina kalisi ya kutosha na spektra ni safi, vinginevyo ukimya huo hauna maana. Complex A ilifungwa hivyo 1999 kwa nyota AD ya Dubu Mkubwa: parseki 8,000 hadi 10,000 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26). Complex C nayo iko kwenye 10,000 hivi.

#26 Jirani_Mwema

Wapo wasiokubali umbali huo kwa kila wingu. Mwanaastronomia Verschuur amesema kwa miaka mingi kwamba baadhi ya mawingu haya yako jirani kabisa na Jua, yakiwa nyuzi za gesi kwenye sumaku na mabaki ya milipuko.

#27 Salfa_Nusu

Kwa baadhi, sawa, tujadili moja moja. Kwa Complex C nyota zimeshasema.

Na msisahau Mkondo wa Magellan, uliotambuliwa 1974 na Mathewson, Cleary na Murray. Huo una chanzo chake kinachoonekana: gesi iliyonyofolewa kutoka Mawingu ya Magellan. Anayetafuta jibu moja kwa mawingu yote atakwama hapo.

#28 Chemchemi

Hilo la mwisho naliunga mkono. Bado nasema sehemu ya ndani ya galaksi ni ya chemchemi.

#29 Mwinda_Hidrojeni

Mimi nifanye nini hatua inayofuata kwa dishi la mita 3?

#30 Bi_Masafa

Nukta tano. Baki na l = 90, chukua b = +32, +37, +42, +47, +52, saa 2 kila moja, marejeo kwa kusogeza masafa. Andika kasi ya LSR ya kila nukta baada ya kusahihisha kwa saa ileile ya kipimo. Kasi ikibadilika taratibu kutoka nukta hadi nukta, unafuata gesi moja. Ikiruka, una vipande viwili ndani ya mwale. Angalia pia −40 hadi −60, maana gesi ya kasi ya kati ni nyingi upande huo na mkia wake unaweza kupandisha msingi wa wingu lako.

Na kabla ya yote sawazisha njia za I na Q kwa jenereta ya ishara, ukifuata kivuli hadi kishuke desibeli 40. Kikiwa hapo, K 10 zitaacha K 0.001, na hutahitaji kukimbizana nacho tena.

#31 Kioo_cha_Q

Sawazisha mpokezi akiwa amewaka nusu saa. Akiwa baridi usawa huo unapotea akipata joto.